Bwana Arusi Aliyetoka Mbali

Tarehe 18 Agosti 2024 wakristu wa Uvira walikusanyika kwa wingi na kwa furaha. Siku hiyo Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza kuwa Wenyeheri watu wanne waliouawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walikuwa Waxaveri kutoka Italia: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne aliitwa Padri Albert Joubert. Wawili walianguka Baraka, wawili Fizi.

Joubert ni jina la Kifaransa. Lakini Padri Albert hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa mwaka 1908 kwenye ng'ambo yetu hii ya Ziwa Tanganika, mahali paitwapo Mrumbi, upande wa Moba. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Mwafrika. Ilikuwaje basi, ndugu msomaji? Hakuna mti usio na mzizi. Mzizi wa padri huyu ni arusi moja iliyofungwa mwezi wa Februari 1888. Katika arusi hiyo bwana arusi ndiye aliyekuwa mgeni, na bibi arusi ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Basi leo tuongee habari za bwana arusi. Mara nyingi arusini macho yote humtazama bibi arusi, nguo zake na machozi ya mama yake. Bwana arusi husimama tu kama mti wa njiani. Walakini yeye naye anavuka mto siku ile, na tukiyajua mambo yanayompata tutaelewa vizuri zaidi ndoa ni kitu gani.

ASKARI WA BABA MTAKATIFU

Léopold Joubert alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana, aliingia katika jeshi la Baba Mtakatifu, jeshi la wale walioitwa Wazuavu, akakaa huko mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Baada ya hapo hakuwa na jeshi tena.

Wakati huo Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, alikuwa ametuma watu wake mpaka ziwa letu. Walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka huohuo walianzisha misioni ya Rumonge, na mwaka 1880 wakavuka mpaka Mulweba, katika nchi ya Masanze, kwenye pwani ya magharibi. Nchi haikuwa na amani. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa Rumonge. Tena wafanya biashara ya watumwa walipita wakichoma vijiji na kuwafunga watu minyororo. Ndiyo maana Lavigerie alitafuta askari wa zamani, watu wa sala na wa nidhamu, waende kuwalinda wamisionari na wale waliokimbilia kwao. Joubert alikubali, akaondoka Ulaya mwaka 1880.

Alirudi Ufaransa mwaka 1885, na wengi wangalisema: sasa amekwisha kazi yake, apumzike. Lakini mwaka 1887 alifika tena ziwani, akakaa Mpala. Boma la Mpala lilikuwa limejengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, na mwaka 1885 lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Safari hii Joubert hakuja kukaa siku chache. Hakurudi Ulaya tena hata alipokufa.

ARUSI YA MWAKA 1888

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Februari 1888, Kapiteni Joubert alifunga ndoa na msichana mwenyeji aliyebatizwa jina la Agnes, jina lake la kwao Atakao. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka karibu 46. Ndugu zake wote walikuwa Ufaransa, mwendo wa miezi mingi kwa miguu na kwa meli.

Labda msomaji wa leo ataona jambo hili ni la kawaida. Halikuwa la kawaida. Katika miaka ile na katika miaka mingi iliyofuata, wanaume wengi wa Ulaya waliokuja Kongo walichukua wanawake wa nchi bila kuwaoa. Mwanamke aliitwa mtunza nyumba. Kwa kweli alikuwa mke bila ndoa. Muda wa mzungu ulipokwisha, alipanda meli akaenda zake. Mwanamke alirudi kwa wazazi wake akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto hakuwa na jina la baba.

Tunajua mwisho wa mambo hayo. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, watoto wengi wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao kwa amri ya serikali, wakapelekwa kulelewa mbali, na mara nyingi waliwekwa katika nyumba za misioni. Tusilifiche jambo hilo, kwa kuwa maaskofu wa Ubelgiji wenyewe waliomba radhi kwa ajili yake mwaka 2017. Mwezi wa Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi kwa jina la nchi yake. Tena mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda kosa dhidi ya ubinadamu ilipowachukua wasichana watano wa namna hiyo, wote wakiwa hawajatimiza miaka saba.

Sasa tulinganishe. Joubert naye alikuwa Mzungu, naye alikuwa na bunduki na mamlaka. Angaliweza kufanya kama wengine, na nani angalimwuliza? Lakini alisimama mbele ya padri na mashahidi, akamtaja Agnes kwa jina lake, akasema: huyu ni mke wangu. Kwa neno hilo moja watoto wao walipata baba na mama, na ndugu pande zote mbili. Walipata watoto wengi, na wawili kati ya wana wao wakawa mapadri. Waliishi katika ndoa hiyo miaka 39, mpaka Joubert alipofariki karibu na Moba tarehe 27 Mei 1927, akiwa mzee wa miaka 85.

Hapo ndipo tunapoona nguvu ya arusi. Bunduki ya Joubert ilimfanya bwana wa boma. Arusi ilimfanya mkwe wa watu. Mabwana wa maboma walikuja wakaenda; mkwe alibaki.

MGENI ANAYEFANYWA MTOTO

Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla Mzungu hajafika. Tazama arusi za kwetu, kutoka bonde la Ruzizi mpaka Fizi, kwa Wafuliru, kwa Wavira, kwa Wabembe na kwa majirani wao. Desturi hazifanani katika yote, lakini shina ni moja. Kijana haendi mwenyewe kuomba mke. Anatumwa mshenga, mtu mzima mwenye ulimi mtulivu, anayejua kuzunguka kabla ya kufika. Wazee wanakaa, pombe inaletwa, maneno yanasemwa na kujibiwa. Kijana mwenyewe, ikiwa amekuja, hukaa nyuma ya wazee wake na kunyamaza. Anasikia watu wakimpima kama mtu anavyopima mzigo: ni mvivu? Ni mlevi? Ukoo wake una ugomvi gani? Hana ruhusa ya kujitetea.

Kwa nini kunyamaza huko? Kwa sababu siku ile anajifunza kwamba hakuna anayejipa mke. Mke hutolewa na watu, na anayepewa lazima kwanza akubali kuwa mdogo.

Halafu kuna mahari. Wafugaji walitoa ng'ombe, wengine mbuzi, zamani hata majembe yalitumika mahali pengi, kwa kuwa jembe lilikuwa kitu cha thamani. Watu wasiojua husema: Mwafrika hununua mke. Si kweli. Mtu akinunua mbuzi sokoni, je, hurudi kesho kumsalimu mwuza mbuzi na kumwita baba? Lakini aliyetoa mahari lazima aende kwa wakwe zake wakati wa kulima, wakati wa ugonjwa, wakati wa msiba. Wanyarwanda wana desturi nzuri inayoonyesha maana hiyo: ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa mke huwapa ndama wale waliooana. Mali inakwenda na kurudi kama mtumbwi kati ya ng'ambo mbili. Kazi yake ni kufungua njia kati ya jamaa mbili, na njia hiyo ibaki wazi.

Basi fikiri juu ya arusi nyingine za wakati uleule, huko Kibanga. Misioni ya Kibanga, ambayo wamisionari waliiita pia Lavigerieville, ilianzishwa mwaka 1883 mahali pa ile ya Mulweba, ikakaa miaka kumi hivi. Mapadri waliwakomboa watoto waliotekwa na wafanya biashara ya watumwa, wakawalea, na walipokua wakawaoza wao kwa wao na kuwapa nyumba na shamba. Hivyo vikazaliwa vijiji vya kikristu. Lakini tuwatazame mabwana arusi wale. Kijana hakuwa na mjomba wa kumtuma kuwa mshenga. Msichana hakuwa na baba wa kupokea hata jembe moja. Utumwa ulikuwa umewanyang'anya ukoo, na mtu asiye na ukoo hana wa kumwozesha. Ilibidi misioni iwe baba wa pande zote mbili. Walipotoka kanisani, wawili wale waliokuwa hawana ndugu walikuwa wamepata walau mmoja kila mtu, na watoto wao wangekuwa na nyumba ya kuita kwetu.

Asiyejua uchungu wa kukosa wakwe, na aulize habari za Kibanga.

HATA UHINDI YA KUSINI

Labda utasema: hizo ni desturi za weusi tu. Hapana. Wahindi tumewaona katika maduka ya miji ya Afrika ya Mashariki, lakini arusi zao hatuzijui. Nitakusimulia kidogo jinsi bwana arusi anavyofanyiwa kusini mwa nchi yao, kwa watu waitwao Watamil.

Katika jamaa nyingi za Watamil, hasa zile za Wabrahmani, bwana arusi asubuhi ya arusi huchukua mwavuli na fimbo, akaanza kuondoka. Anasema anakwenda Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu ambao siku hizi huitwa Varanasi, akakae huko maisha yake yote kama mtawa bila mke. Bila shaka ni mchezo, na watu wote wanajua. Lakini baba wa msichana humfuata njiani, humsihi arudi, na kumwahidi binti yake. Ndipo kijana anageuka. Baadaye hukalishwa, na baba mkwe humwosha miguu, kama mgeni wa heshima kuu. Halafu bwana arusi humfunga bibi arusi shingoni uzi wenye kidani cha dhahabu, nao huitwa tali. Uzi hufungwa kwa mafundo matatu. Tena hushikana mikono, wakaenda hatua saba kando ya moto.

Unaona, ndugu msomaji? Huko bwana arusi anaitwa arudi. Kwetu anangoja mlangoni mpaka aambiwe karibu. Desturi ni mbili, fundisho ni moja: bwana arusi ni mgeni ambaye jamaa nyingine inamfanya kuwa mtoto wake.

Je, Kanisa lilifanyaje lilipokuta uzi ule? Katika Kerala, upande wa magharibi wa Uhindi ya kusini, wako wakristu wa tangu zamani sana wanaojiita Wakristu wa Mtume Tomasi. Wao hawakuuacha uzi. Juu ya kile kidani wameweka msalaba mdogo wa chembe za dhahabu, na padri hukibariki. Nyuzi zake huchomolewa katika nguo ambayo bwana arusi amemletea bibi arusi, naye humfunga palepale kanisani. Hivyo alama ya wazee imekuwa alama ya wakristu.

Mtaguso wa pili wa Vatikano ulisema jambo hilo waziwazi katika hati juu ya Liturjia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Uliagiza kwamba nchi yenye desturi nzuri za ndoa izishike, wala zisitupwe. Ila daima padri awaulize wawili kama wanakubali, na alipokee jibu lao. Maana mila zote za dunia, ziwe za uzi au za ng'ombe, hazina nguvu ikiwa msichana au kijana amesukumwa.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa habari hizi hazikuandikwa kwa ajili ya kuburudisha tu. Kila parokia inamjua kijana wa namna hii. Amepata mchumba mwema. Wazee wamekaa, wametaja mahari: ng'ombe wengi, na juu yao fedha, nguo za mama, koti la baba, viatu vya shangazi, simu ya kaka. Kijana hana. Anasema: nitalipa polepole, tutafunga ndoa nikimaliza. Mwaka unapita. Mtoto anazaliwa, wa pili anafuata. Siku ya Bwana wawili wale wanakaa kwenye benchi la nyuma, na wenzao wanapokwenda kupokea Ekaristi wao wanainamisha vichwa. Watoto wao wanawaona.

Nani amefunga mlango huo? Mila haikuufunga. Mila ilitaka mkwe, haikutaka mdeni. Hata sheria ya nchi haikuufunga. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 361, inasema kwamba mahari ni lazima, lakini ndoa yaweza kufungwa ikiwa imetolewa walau sehemu. Tena mahari yaweza kuwa alama tu. Aliyeufunga mlango ni tamaa, iliyovaa nguo za mila ikaketi kwenye kiti cha wazee.

Ninyi wazazi wa binti, mnapotaja mahari jiulizeni neno moja: tunatafuta mtoto wa kiume, au tunatafuta mali? Mkitafuta mali, mtaipata mara moja na itakwisha. Mkitafuta mtoto, atawazika. Nanyi vijana, msiseme kwamba kwa kuwa mahari ni ghali basi mila yote ni upuzi, mkamchukua msichana usiku kama mwizi wa kuku. Anayekwepa wakwe leo, kesho hatakuwa na wa kumpatanisha na mkewe. Tumeni mshenga. Kaeni kimya mkipimwa. Toeni mlicho nacho kwa mikono miwili, halafu mwendeni kwa padri pamoja na wazee wenu.

Nasi wakristu wengine, tusikae pembeni. Mapadri wa Kibanga walisimama mahali pa baba kwa wale wasio na baba. Siku hizi pia, katika nchi iliyopigwa na vita mara nyingi, wako vijana waliopoteza wazazi, na wasichana ambao wajomba zao hawajulikani waliko. Jumuiya ya kikristu yaweza kutoa mshenga. Yaweza kuwakalisha wazee na kuwaomba wapunguze. Kazi hiyo ni ya walei, na baraka yake ni kubwa.

MATUNDA YA ARUSI

Nimalize pale nilipoanzia. Mwezi wa Novemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba, Padri Albert Joubert alikuwa Fizi. Alikuwa mtu wa miaka 56, mwenye upadri wa miaka 29. Jina lake lilikuwa la ng'ambo, lakini mama yake alikuwa wa hapa, na ziwa alilolitazama utotoni ni hili tunaloteka maji yake. Hakwenda zake. Tarehe 28 usiku aliuawa pamoja na Padri Didonè, Mwitalia. Mmoja aliitwa mgeni, mwingine mwenyeji, na udongo uleule ulipokea damu yao.

Wengi huuliza: Mzungu yule aliyekuja na bunduki mwaka 1880, alituachia nini? Boma lake limekwisha, na vita vyake vimeandikwa vitabuni. Lakini siku moja aliiweka bunduki kando, akasimama kama bwana arusi mbele ya Mungu na mbele ya watu wa mke wake. Katika nyumba iliyojengwa siku ile alitoka padri ambaye hakuwakimbia watu wa mama yake, na leo twamwita Mwenyeheri.

Kijana unayesoma habari hii, ukiwa umeketi nyuma ya wazee wako nyumbani kwa wakwe, umenyamaza na mikono inakutetemeka, usione haya. Hujui ni nani atakayezaliwa katika mlango unaobisha leo. Basi bisha hodi kwa heshima. Na ninyi mlio ndani, mfungulieni.